Barua kwa mwanangu, kabla hujakata plastiki

Leicester, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, picha uliyonitumia jana usiku nimeipata: sanduku la kahawia katikati ya chumba chako cha chuo, limejaa hata kitanda hakionekani, na wewe umesimama kando yake na kisu mkononi. Kisu hicho ndicho kilichonifanya niandike barua badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu utaniitikia "sawa mama, sawa mama" na huku mkono umekwisha kukata. Kiweke chini kwanza, usome.

Umetimiza miaka 18 na sasa unataka deraya yako mwenyewe, yaani lile vazi la mabamba meupe ya plastiki la askari wa Dola kama alivyoonekana katika filamu ya kwanza ya Star Wars ya mwaka 1977. Nimefurahi sana. Lakini umeniandikia kwamba unataka iwe "sahihi kabisa kama ya kwenye filamu", na neno hilo sahihi ndilo ninalotaka tulizungumze, kwa sababu mimi lilinipotosha kwa muda wa mwaka mzima.

Wajua kuwa niliingia katika mchezo huu nikitokea kwenye cherehani. Nilikuwa nimekwisha kupunguza na kupanua nguo za watu kwa miaka ishirini, kwanza kule Majengo, Mombasa, kisha hapa, nikadhani plastiki ni kitambaa kigumu tu. Fundi wa nguo hufundishwa kusawazisha: bega la mteja likiwa limeshuka upande mmoja, unatia pamba ndani mpaka mabega yalingane, na mteja hatajua ulichofanya ila ataona kwamba koti limemkaa. Kwa hiyo nilipoipokea chapeo yangu na kuona kwamba nusu moja ya uso haifanani na nusu ya pili, nilichukua msasa na kijazio nikaanza kuirekebisha, na nilifanya kazi hiyo jioni nne mfululizo kabla sijaonyeshwa kwamba nilikuwa ninaiharibu. Chapeo za asili zenyewe hazilingani pande zote mbili. Zilitengenezwa kwa haraka mwanzoni mwa mwaka 1976 na Andrew Ainsworth katika karakana yake ya Twickenham, magharibi mwa London, kwa ajili ya filamu iliyoanza kupigwa picha Tunisia mwezi Machi mwaka huo huo. Nyingi kati yake zilikuwa za plastiki yenye rangi ya kaki ambayo ilibidi ipakwe rangi nyeupe juu, matundu ya mdomo yalikatwa kwa mkono, na mistari midogo ya mashavuni ilichorwa kwa mkono pia, ndiyo maana imepinda hapa na pale. Katika filamu ya mwaka 1983 alama za namna hiyo zilikuwa za kubandika, zimenyooka vizuri, na mtu mwenye jicho hutofautisha askari wa filamu hizi mbili kwa hilo tu.

Basi usahihi katika kazi hii ni kuinakili haraka ya watu wengine kwa subira. Bado naona ni jambo la kuchekesha. Na kama wewe ulivyo mwanafunzi wa sheria, utapenda kujua kwamba mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kuwa chapeo ile haikuwa sanamu kwa maana ya sheria ya hakimiliki ya nchi hii, kwa kuwa ilikuwa kifaa tu cha kutengenezea filamu. Siwabishii majaji, ila sidhani kama yeyote kati yao aliwahi kutumia wiki tatu kutafuta mkunjo sahihi wa nyusi za chapeo hiyo.

Sasa tuje kwenye sanduku. Vipande vilivyomo ndani ni karatasi za plastiki iitwayo ABS, unene wake takriban milimita 2, ambazo hupashwa moto mpaka zilegee, zikalazwa juu ya kalibu, kisha hewa ikafyonzwa kutoka chini ili plastiki ishike umbo. Kwa hiyo kila kipande kimekuja na ziada pembeni, na ukingo wake umejikunja kuelekea ndani. Ukingo huo mimi nauita pindo, na ndio uliokuwa msiba wangu wa pili. Niliukata wote kwenye dirii, yaani bamba la kifuani, nikidhani ni mabaki ya kalibu, na kumbe pindo ndilo linaloipa plastiki nyembamba sura ya bamba nene. Bila hilo, mtu akikutazama kwa ubavuni anaona umevaa sahani. Alama uzichore kwa kalamu ya risasi, uache milimita kumi zaidi ya unavyodhani unahitaji, ujaribu mwilini, ndipo upunguze. Sehemu zilizonyooka usizikate moja kwa moja: kwaruza mstari kwa ncha ya kisu mara tatu nne juu ya rula, kisha ukunje mpaka ivunjike yenyewe, na makali uyamalizie kwa tupa na msasa.

Kujaribu mwilini ndiko kazi yote iliko, nawe mwili wako unaujua kidogo kuliko unavyofikiri. Mimi ni mfupi, nilikata mapaja na miundi mpaka vipande vikabaki vidogo kama vya mtoto. Wewe umerithi urefu wa babu yako, na plastiki hairefuki. Kilichobaki ni kuining'iniza kwa busara: bamba la tumbo lishuke kidogo, dirii ilifunike kwa ukingo tu, mapaja yaning'inie chini zaidi, ili mapengo meusi ya nguo ya ndani yagawanyike na yasikusanyike yote kiunoni. Mtu mrefu aliyevaa vibaya huonekana kama amekatwa vipande viwili. Upana ni rahisi zaidi. Nusu mbili za paja hazipandishwi moja juu ya nyingine. Hukutana ukingo kwa ukingo, zikaunganishwa kwa ukanda ndani na ukanda mwingine nje, wa milimita 20 mbele ya miguu, 25 nyuma, na 15 kwenye mikono. Paja likikubana, unaongeza kipande cha plastiki ile ile katikati ya nusu mbili, upande wa nyuma, na ukanda wa nje unakificha. Ukanda wenyewe usiupanue hata kidogo, maana huo ndio unaoonekana pichani.

Jipime ukiwa umevaa ile nguo nyeusi ya ndani, si ukiwa na kaptula. Jipime umesimama, kisha umekunja goti, kisha umeinua mguu kama unayepanda ngazi. Deraya hii hairuhusu kuketi. Hilo ulizoee mapema, na uende msalani kabla hujafungwa.

Gundi nayo nina neno. Nilipoanza nilitumia ile ya papo hapo kwa sababu sikuwa na subira, na ikashika vizuri sana mpaka siku tulipokwenda kuwatembelea watoto wagonjwa, nikapanda ngazi ya tatu, na paja la kulia likapasuka kwa mlio uliowafanya watu wote wageuke. Gundi ya namna hiyo hukauka ikawa kama kioo, na kioo hakipindi. Tumia ile nzito ya polepole, inayotaka siku nzima au mbili chini ya vibano na sumaku, kwani hubaki na unyumbufu, na hata ukikosea unaweza kuibandua bila kujeruhi plastiki. Nyufa ndogo utazijaza kwa makombo ya plastiki uliyoyakata, ukiyaloweka katika asetoni mpaka yawe uji. Madirisha yawe wazi, tafadhali.

Kipande kikikataa umbo, maji ya moto hukilegeza, lakini usikitumbukize chote kwenye sufuria inayochemka. Kigasha changu cha kwanza kilitoka humo kikiwa chapati. Chovya sehemu unayoitaka, sekunde chache, ushike kwa glavu mpaka ipoe, urudie.

Kamba za ndani niachie mimi. Hapa ndipo ujuzi wangu wa zamani ulipopata heshima yake, kwa sababu deraya nzima haishikiliwi na plastiki bali na mikanda ya nailoni, lastiki na vifungo vya kubonyeza, na lastiki iliyokaza mno hulivuta bega likaelekea shingoni, na iliyolegea huliacha bamba la mgongo likigonga kiuno kila hatua. Nimekwisha kununua lastiki nyeupe ya upana wa sentimita tano. Nitashona kwako, juu yako.

Rangi ni kazi ya jioni moja: kijivu namba 5 ya Humbrol kwa alama za usoni, bluu namba 14 kwa mistari ya mashavuni, na mkono ukitetemeka kidogo uache utetemeke. Silaha isubiri. Ile ya filamu ilitokana na bunduki halisi ya Kiingereza, Sterling, iliyoongezewa darubini ya kifaru cha vita na kihesabio cha kampuni ya Hengstler, na ya kuigiza itakuchukua miezi yake yenyewe.

Umeniuliza kuhusu kujiunga na Legion 501, chama chetu cha wapenzi wa Star Wars wanaovaa deraya hizi. Umri umefika, na picha zako zikikubaliwa utapewa namba kama yangu. Ila ujue ni watu gani unaoingia kwao. Aliyeianzisha mwaka 1997 kule South Carolina, Albin Johnson, ni mtu aliyepoteza mguu kwa ajali ya gari, na bado akataka kuvaa miundi ya plastiki. Binti yake mdogo alipougua uvimbe wa ubongo alitamani roboti wa kumlinda akiwa amelala, kama yule wa kwenye filamu, na wapenzi wa kutengeneza roboti wakampatia mmoja wa rangi ya waridi. Mtoto yule alifariki Agosti 2005. Roboti R2-KT, wa rangi hiyo hiyo, bado huzunguka kwa watoto wengine. Mimi niliisoma habari hiyo wewe ukiwa na homa, umelala mapajani mwangu, na kesho yake nikaagiza sanduku langu. Sikukuambia wakati huo.

Bibi yako alipoiona picha yangu ya kwanza nimevaa, alinyamaza kwa muda mrefu kwenye simu, kisha akasema angalau nimejistiri kutoka utosini hadi unyayoni. Yako ameiomba tayari.

Jambo la mwisho, chapeo usiiguse mpaka nije. Kukata macho ni kazi ya mikono minne, na ukikata pana kuliko inavyotakiwa hakuna ukanda wa kuficha. Halafu utaona kidogo sana humo ndani. Yule askari aliyegonga kichwa chake mlangoni katika filamu ile simlaumu, nami nimekwisha kugonga wangu mara mbili. Tutatia feni ndogo ili kioo kisifanye ukungu. Nitafika kwa treni ya Ijumaa mchana na vibano vyangu ishirini. Kabla ya Jumatano nitumie mzunguko wa paja lako juu na chini, umesimama na umekunja goti, na urefu kutoka kinenani hadi gotini, kwa sentimita, na uandike wazi upi ni mguu wa kulia, kwa sababu miundi miwili haifanani ingawa itakudanganya kwamba inafanana, na wa kushoto ndio wenye bamba la goti.

Mamako