Rukia inamuuma nini?

Tanga, Jumatatu usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleykum. Sisi huku hatujambo, Mama anakusalimu na anauliza lini utakuja mle wote muhogo wa nazi. Poleni sana na msiba wa Bi Mkubwa. Habari alinipa Mwanaisha. Nilishika simu mara tatu, maneno yakanikwama. Unisamehe. Tangu Idd sijakuandikia, nami udhuru wangu wote umo ndani ya bahasha hii: kurasa 38 za storibodi ya katuni yangu, yaani filamu nzima imechorwa tukio kwa tukio kwenye karatasi. Shemeji Hamza anavuka Horohoro Alhamisi, atakukabidhi mkononi.

Sasa nisikilize. Jumanne umeme ulikatika, Nasra akaning'ang'ania nimhadithie. Nikasema "Paukwa!", akaitikia "Pakawa!", nikampa hadithi yangu ya jahazi, ile niliyokupigia simu usiku wa manane kukusimulia. Jahazi lina jicho omoni, pale mbele puani, linaona miamba gizani. Tajiri analinunua, anaamuru jicho lipakwe rangi nyeusi, jahazi linapotea baharini, na Rukia binti wa fundi anatoka na ngalawa kulitafuta. Dhoruba nilimpa yote, na ngurumo juu. Mtoto kimya. Kisha akauliza, "Jahazi si la tajiri?" Nikamwambia ndiyo, la tajiri. "Sasa Rukia inamuuma nini?"

Zuhura, nilikosa jibu. Nimekaa na Rukia miezi tisa. Namjua kovu lake la goti, najua khanga yake imeandikwa nini, nimemjazia madaftari mawili. Lakini inamuuma nini, sikujua. Nadhani sisi tuliokua na katuni ndivyo tulivyo: tulikariri nywele zinavyopeperuka, macho yanavyong'aa, mtu anavyoruka paa hadi paa, tukayachora mpaka vidole vikaota sugu. Nilidhani nikimpenda mhusika vya kutosha, hadithi itakuja yenyewe.

Na hasara yake naijua kwa hesabu. Filamu yangu ni ya dakika nne, yaani sekunde 240. Filamu hupita fremu 24, yaani picha moja moja, kwa sekunde, na mimi mchoro mmoja nauacha ukae fremu mbili, kwa hiyo nahitaji michoro 12 kwa kila sekunde. Jumla 2,880. Nikifunga duka jioni natoa michoro 20, basi ni siku 144 bila kuugua wala kwenda harusini. Mwezi wa saba wote nilichora dhoruba, kwa sababu ndicho kipande nilichokipenda. Michoro 312. Ni sekunde 26 tu, na sasa haina pa kukaa. Iko chini ya kitanda, kila nikifagia naiona.

Ndiyo maana nikarudi kwenye kadi, kama ulivyonisihi mwaka jana nikakukasirikia. Kila tukio kadi yake, ukutani, kwa seloteipu. Unajua unyevu wa huku: asubuhi naamka nusu ziko sakafuni. Kadi ya saba iliingia nyuma ya sanduku ikakaa siku tatu, nami sikugundua. Nilipoiokota nikaona hadithi haikuikosa hata kidogo. Sikuirudisha.

Kisha nikajaribu lile la Trey Parker na Matt Stone, watunzi wa katuni ya South Park, waliloliambia darasa la wanafunzi New York mwaka 2011: kati ya tukio na tukio pakikaa "halafu", huna hadithi, panatakiwa "kwa hiyo" au "lakini". Nikasoma kadi zangu kwa sauti. Tajiri ananunua, halafu jicho linapakwa, halafu jahazi linapotea, halafu Rukia anatoka. Halafu tupu, mwenzangu. Swali la Nasra na hili ni jambo moja.

Jibu lilinijia dukani, napima karatasi za jalada za mteja. Jicho alilipaka Rukia mwenyewe. Tajiri alitafuta mkono mwepesi, akampa pesa, naye akapiga brashi huku jicho linamtazama. Sasa sikiliza: alipokea pesa, kwa hiyo alilipaka, jahazi lilipofuka likapotea, kwa hiyo hawezi kulala, anataka kusema, lakini baba yake amekwisha kulaumiwa na mji mzima. Mikono ilinitetemeka, nikamkatia yule mteja pungufu, ikabidi nimkatie tena.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo sasa. Je, watu watampenda mtoto aliyefanya hivyo? Nimesoma kwamba Novemba 1993 Pixar, studio ya katuni, waliwaonyesha wakubwa wa Disney filamu yao Toy Story ikiwa bado michoro, na Woody, yule mwanasesere mhusika mkuu, alikuwa mkali na mwenye kero kiasi kwamba hakuna aliyemtaka. Kazi ikasimamishwa, wakaandika upya, filamu ikatoka Novemba 1995. Yule Woody tuliyelia naye kwenu sebuleni! Wivu wake hawakuuondoa, ila walitufanya kwanza tumwelewe. Mimi nina dakika nne tu za kufanya hivyo. Nimempa ukurasa wa 6, pale anapozihesabu zile pesa kisha anazifunga katika pindo la khanga. Sijui kama zinatosha, hizo sekunde nane.

Na ule mwisho... Nasra anataka jahazi lirudi. Mimi kuna siku nalirudisha, kuna siku naona Rukia afike na brashi yake akute bahari tupu. Nimekuwekea miisho yote miwili, 37 na 38.

Niambie basi: ukifika ukurasa wa 6 unamwonea huruma au unamchukia? Ungechagua mwisho upi? Unaposoma, ni wapi unapoanza kufungua haraka haraka? Hapo pia uniwekee alama, hata kama ni pale unapojua napapenda. Na ami yako wa Lamu, bado yupo kwenye kazi ya majahazi? Muulizie yale macho ya mbao hupigiliwa omoni kabla ya kupaka mafuta au baada, na fundi husema nini akilipiga la kwanza. Mguu wa Saidi umepona? Na wewe, unalala vizuri siku hizi?

Hamza anarudi Jumapili. Mpe majibu, hata ya penseli.

Mwenzio,
Mwanaidi