Kwaresima sio msiba jamani

Mhariri, naomba kanafasi gazetini na mimi niseme langu.

Jumatano ya Majivu ikifika hapa Dar watu tunabadilika sura, panda daladala ya Gongo la Mboto asubuhi uone, majivu kwenye paji la uso na mtu kanuna utadhani katoka kuzika, wakati Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 6 kasema ukifunga nawa uso ujipake mafuta, usikunje sura.

Kiukweli naona tunahubiriwa sana acha hiki acha kile, nyama, bia (ambazo Pasaka tunazirudia na riba juu), ila habari ya tumaini inapitwa mbio mbio. Na ndo yenyewe! Someni Luka 13, mwenye shamba kaja miaka mitatu hajaona tunda kwenye mtini akasema ukatwe, mtunzaji akamwomba auache mwaka huu nao, aupalilie autie samadi. Hakusema mti ni mzuri, alijua hauzai, ila kaomba muda na jembe akashika yeye.

Kwenye jumuiya yetu kuna mama, kausha damu, wale wa mikopo ya riba kubwa, walimbebea friji na meza ya chipsi, akawa haji hata kusali kwa aibu. Kwaresima hii wanajumuiya wakakubaliana hela ya nyama ambayo Ijumaa hatuli iingie kwenye ndoo moja, ikapatikana karai, jiko la mkaa na gunia la viazi. Siku ya kwanza alikuwa anakaanga huku anapiga stori na kila anayepita, chipsi zikaungua pembeni, tukazila na pilipili yake na tukalipa bei kamili. Isaya 58 imelisema hilo zamani, saumu anayoitaka Mungu ni kulegeza kamba za nira na kumgawia mwenye njaa chakula chako.

Sasa ombi langu kwa mapadre. Parokia nyingine kitubio wanaweka Jumamosi saa tisa alasiri, kondakta atafika saa ngapi, mlinzi je, na muuza duka wa Kariakoo? Kaeni hata nusu saa Ijumaa usiku baada ya Njia ya Msalaba. Kuna watu wana miaka hawajatubu na sio kwamba wamekataa, wakifika wanakuta padre kashaondoka.

Msomaji wenu,
Ukonga, Dar es Salaam