Usiiache insha, Mwende

Makadara, Nairobi
Jumapili jioni

Mpendwa Mwende,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, mama anakusalimu, na Brayo amerefuka mpaka hutamtambua. Najua zamu ya kuandika ilikuwa yangu tangu mwezi wa pili; nisamehe. Leo nimeshika kalamu kwa sababu Faith ameniambia ulipata 7 kwa 20 katika insha ya Kiingereza, ukairarua palepale darasani, ukasema wewe na insha basi, alama utazitafuta kwenye sarufi na ufahamu. Niliposikia hivyo sikulala vizuri. Si wewe uliyekuwa ukitusimulia hadithi bwenini mpaka matroni aje kuzima taa?

Hebu piga hesabu. Katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, karatasi ya tatu ya Kiingereza ina insha 3, kila moja alama 20, jumla 60. Kiingereza chote ni alama 200. Ukiziacha hizo, karibu theluthi moja imekwenda kabla hujakalia kiti cha mtihani. Na somo lenyewe ni la lazima, huwezi kulikwepa kama nilivyolikwepa jiografia.

Mimi muhula uliopita nilikuwa na 8. Unakumbuka tulivyokaririshwa zile sentensi za kufungulia, jua linachomoza, ndege wanaimba, nami nimerauka? Nilizimwaga zote katika insha ya mazishi. Madam wetu wa hapa hakunigombeza. Alipiga mstari chini ya aya nzima ya kwanza, akaniuliza, "Haya uliyaona wapi?" Nikakosa jibu. Akaniambia niandike kitu nilichokiona kwa macho yangu wiki hiyohiyo. Nikaandika ule usiku maji yaliporudi mtaani baada ya siku 9: milango inafunguliwa saa nane za usiku, mitungi inaburutwa kwenye korido, mama amejifunga leso juu ya koti. Nilipata 13, na humo hamna neno gumu hata moja.

Halafu kuna jambo ambalo hatukuwahi kuambiwa, nalo ndilo hasa nilitaka ulijue. Makosa yetu mengi si ujinga, ni Kiswahili kinachosemea ndani ya Kiingereza. Sisi tuna -ka-: nikaamka, nikanawa, nikatoka, hadithi inateleza yenyewe. Kwa Kiingereza pengo hilo nilikuwa nalijaza kwa "and then". Nilizihesabu nikapata 14 katika ukurasa mmoja! Tena "yeye" wetu ni mmoja, mwanamume au mwanamke, ndiyo maana mama yangu kufika aya ya pili alikuwa ameshakuwa "he". Na hiyo "the" je? Kwetu mtoto ni mtoto tu. Wao wanataka kujua kama ni mtoto yeyote au ni yule uliyekwisha kumtaja. Siku hizi Jumamosi naenda maktaba ya Kaloleni na daftari la makosa yangu, naipitia insha mara tatu, kila mara natafuta kosa la aina moja: vitenzi kwanza, kisha "he" na "she", kisha "a" na "the". Nikitafuta yote kwa pamoja sioni lolote. Nyumbani namsomea Brayo kwa sauti, ananyoosha mkono akipotea. Hunyoosha mahali penye kosa kweli, sijui anajuaje.

Insha za vitabu teule, vile vya fasihi tulivyopangiwa, bado zinanitesa. Swali linauliza tamaa inavyomponza mhusika, mimi nasimulia kitabu tangu mwanzo. Madam anataka hoja nne, kila hoja na tukio lake, halafu nieleze tukio hilo linajibuje swali. Hapo pa kueleza ndipo ninapokwama. Na muda! Saa 2 na nusu kwa insha 3 ni dakika 50 kila moja, nami ile ya kwanza hunikolea mpaka saa nzima inapita, nimeshavuka maneno 450 tunayoruhusiwa. Hili nalo tutalizungumza.

Narudi kwa 7 yako. Ulisimulia nini humo? Faith hakujua. Naogopa nawe ulilazimisha jua lichomoze. Sasa nakuomba kitu kimoja: tubadilishane insha kila baada ya wiki mbili. Yako nitakuonyesha makosa mawili tu, na sentensi moja niliyotamani iwe yangu. Yangu ifanyie vivyo hivyo, usinionee huruma.

Ya kwanza naijua tayari. Andika ule usiku babu yako alipokwenda kurina asali, uliotusimulia tukiwa kidato cha kwanza mpaka Atieno akajifunika blanketi kwa hofu ya nyuki. Mjomba wako bado anaendesha gari la Kitui? Anaweza kuniletea bahasha? Vipande vya ile uliyorarua unavyo, au vilifagiliwa? Mwalimu wako alikuandikia nini pembeni? Na usiku ule tochi alishika nani, wewe au kaka yako? Moshi ulikuwa wa nini? Babu aliwaambia nini nyuki kabla ya kupanda? Nimejaribu kukumbuka maneno yake wiki nzima, yamenitoka.

Rafiki yako,
Achieng