Bulabo ikiisha tusifungiwe mlango, Bujora ipewe ratiba ya mwaka mzima

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee kuhusu Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, maana ni jambo limenikaa moyoni tangu Juni na kila nikiongea na wenzangu hapa sokoni wanasema andika, sasa naandika.

Kwa wasiopajua, Bujora ni kama kilometa 20 hivi kutoka Mwanza mjini, unashika barabara ya Musoma, unashuka Kisesa halafu unapanda kidogo kwenye mawe. Mahali penyewe palianzishwa na padri mmoja wa Canada, David Clement, ambaye watu walimpa jina la Fumbuka, miaka ya 1950 na 1960 huko, akishirikiana na wazee wa Kisukuma. Kanisa lenyewe limejengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, jumba la watemi nalo lina umbo la kiti cha mtemi, ndani kuna ngoma za kitemi, kuna nyumba ya mganga, kuna sehemu ya wafua chuma, kuna jengo la vyama vya ngoma. Mimi nimekulia huko karibu, lakini naomba niseme ukweli, hadi nafikisha miaka thelathini nilikuwa nimeingia ndani mara mbili tu, mara zote na shule.

Kinachotupeleka watu wote Bujora ni Bulabo. Bulabo kwa Kisukuma ni maua, na asili yake ni sikukuu ya Ekaristi, ile ya Mwili na Damu ya Kristo, kwa hiyo tarehe inahama kufuatana na Pasaka ila mara nyingi inaangukia Juni. Na Juni kwetu sio mwezi wa hivi hivi. Mvua imekata, mahindi na mpunga vimeshatoka shambani, pamba inaanza kuvunwa, mtu ana chakula ndani na ana nafasi ya kukaa chini, na watoto nao wapo likizo. Zamani hata kabla ya Bulabo huu ndo ulikuwa msimu wa mashindano ya ngoma Usukumani kote, kuanzia mavuno hadi kabla ya kulima tena. Yaani waliopanga hii sikukuu iambatane na ngoma hawakutoa tarehe ofisini, waliangalia watu wanaishije.

Na jinsi mashindano yenyewe yanavyokwenda mimi sijaona kitu kama kile popote. Kuna pande mbili, Bagika na Bagalu, zilizotokana na mamanju, yaani viongozi wa ngoma, wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa wapinzani wa kweli kweli. Wanacheza kwa wakati mmoja, huku hawa na kule wale, na anayeamua mshindi ni watazamaji kwa miguu yao, upande uliojaza watu zaidi ndo umeshinda. Kwa hiyo utaona mtu amesimama anaangalia bugobogobo, wale wa majembe, jembe linarushwa juu linadakwa bila mdundo kupotea, ghafla anasikia kelele upande wa pili kwamba wa buyeye, wale wacheza nyoka, wametoa chatu, basi watu mia wanageuka na kukimbia na vumbi lote, na wale walioachwa nao wanatafuta mbinu ya kuwarudisha. Mtazamaji pale hajaja kukaa tu, yeye ndo jaji. Nimewahi kumwona bibi wa watu na fimbo yake anavuka uwanja mara nne.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Juni hii nilikwenda na wanangu watatu, na wa mwisho, wa miaka tisa, hakutaka kabisa kukaa kwenye umati, anaogopa nyoka. Tukajitenga pembeni, tukamkuta mzee mmoja amewasha moto wa majani makavu anapasha ngoma zake kabla zamu ya kundi lao haijafika. Mtoto akasimama anaangalia. Mzee akamwita, "Njoo hapa mayu," akamshika mkono akaweka kiganja chake kwenye ngozi ya ngoma ambayo haijapashwa, akamwambia piga, ikatoa sauti kama debe lililojaa maji. Akaisogeza kwenye moto, akawa anaigeuza geuza, anaigusa na mgongo wa mkono kama mtu anayepima uji wa mtoto, haraka haraka. Kisha akamwambia rudisha mkono, piga tena. Jamani ile sauti. Mtoto alishtuka akaniangalia, akapiga tena, akacheka. Mzee akamweleza kwamba ngozi ikipoa inalegea, na usiku wa umande ndo kazi zaidi, lazima moto uwepo muda wote. Haikuzidi dakika kumi. Tulipotoka hapo mtoto mwenyewe ndo aliniomba tuingie kwenye jumba la ngoma za watemi, akawa anazunguka kila ngoma anauliza hii nayo walikuwa wanaipasha? nani alikuwa anaipasha? mtemi mwenyewe au mtu wake? Mimi majibu sikuwa nayo yote, ila nilielewa kitu kimoja, yule mzee na moto wake alimfungulia mtoto wangu mlango wa makumbusho kuliko kibao chochote cha maelezo.

Ndo maana naomba hivi, Mhariri. Bulabo isiwe ndo mwanzo na mwisho. Siku zile watu wanajaa, halafu Julai inaingia, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake hadi mwaka kesho. Na hili nalisema kwetu wenyewe wananchi kwanza, maana tunakaa kilometa ishirini na hatuendi, tunasubiri tuitwe na ngoma. Basi tuitwe mara nyingi zaidi, na tuitwe kwa misimu yetu.

Desemba kwa mfano. Watoto wamefunga shule, mvua zinanyesha, kina mama tunahangaika watoto wakae wapi, wanashinda kwenye simu na tivii. Wazee wetu walikuwa na shikome, ule moto wa jioni nyumbani ambapo watoto wa kiume walikuwa wanakaa na baba na babu wanafundishwa, wanapewa hadithi na mafumbo. Kwa nini makumbusho yasiwashe shikome, hata Jumamosi moja moja za Desemba, watoto wa kike na wa kiume wote wakae, wazee wawili watatu waje wasimulie? Gharama yake ni kuni na nauli za wazee, na chai ya maziwa. Kina mama na vijana wa kike nao wana wigashe, kuimba mmekaa, hilo halihitaji hata uwanja.

Kingine ni uchoraji. Watu wengi hawajui kwamba Usukumani kulikuwa na michoro ya ukutani, wale wa vyama vya nyoka walikuwa wanachora ndani ya nyumba zao za kufundishia wanachama wapya, nyoka na watu na viumbe vya ajabu, hadi Hans Cory aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni aliikusanya akaichapisha mwaka 1953. Sasa mtoto wa Kisukuma leo ukimwambia sanaa ya uchoraji anadhani ni kitu cha Dar au cha Ulaya. Mpe udongo mwekundu, chokaa na mkaa, mpe ukuta mmoja wa udongo, mwambie babu zako walichora nyoka hapa, na wewe chora unachokiogopa. Ukuta huo mvua za masika zikiufuta si neno, Juni unakandikwa upya na watoto wengine wanachora. Hiyo tayari ni programu ya msimu, na wala haihitaji mfadhili mkubwa.

Na wakati wa kupalilia, Januari hivi, si ndo wakati wa kuonyesha bugobogobo ilitoka wapi? Ile ngoma ni ya shambani, watu walikuwa wanalima pamoja kwa mdundo ili kazi iende. Uwanjani Juni tunaona onyesho tu, lakini ukimpeleka mtoto shambani akalima mstari mmoja na ngoma inapigwa nyuma yake, ataelewa kwa mgongo wake.

Sio kwamba hii ni ndoto. Dar es Salaam pale Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa 1967 na ndo kimekipa kituo cha daladala jina lake, wamekuwa wakifanya siku za utamaduni wa makabila tangu miaka ya 1990, watu wa kabila husika wanakuja wenyewe, wanapika vyakula vyao, wanacheza ngoma zao, wanaeleza mila zao kwa midomo yao. Bagamoyo nako kuna tamasha la chuo cha sanaa kila mwaka. Na dunia nzima kuna Siku ya Makumbusho, tarehe 18 Mei, ipo tangu 1977, nayo ingeweza kuwa siku yetu ya kujiandaa na Bulabo, watoto wa shule za Kisesa na Magu waje waone vikundi vinavyofanya mazoezi, waone njuga zinavyofungwa, ili Juni wakifika uwanjani wajue wanachokiangalia.

Naomba pia niseme kuhusu lugha, na hapa siongelei Bujora. Niliwahi kupeleka watoto kwenye makumbusho ya mji mwingine, jina naliacha, wakati wa likizo. Tuliunganishwa na wageni wa nje kwa sababu aliyekuwa anatuongoza alikuwa mmoja, akaeleza kila kitu kwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Wanangu walisimama nyuma kimya, na kila wakisogea waambiwe msiguse. Tulilipa kiingilio kama wengine. Walipotoka yule mkubwa aliniuliza kama vile vitu ni vya wale wageni. Nililia kwenye basi, sisemi uongo. Kwa hiyo programu yoyote itakayopangwa popote nchini naomba iwe kwa Kiswahili, na kwetu huku iwe na Kisukuma pia, kwa sababu kuna maneno ya ngoma na ya dawa na ya mifugo ambayo kwa Kiswahili hayatoki vizuri, mzee akilazimishwa anakwama na anaishia kunyamaza.

Na taarifa zitufikie mapema. Mimi nauza mitumba Buzuruga, siku yangu ya kupumzika naipanga wiki mbili kabla. Habari za Bulabo zenyewe mara nyingi nazipata kanisani au kwa jirani, na mtu asiyesali kanisa moja na sisi hapati. Ratiba ikibandikwa stendi, ikisomwa redioni, ikitumwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi wa shule, watu watakwenda. Na wewe Mhariri kama unaweza kutoa kona ndogo kila mwisho wa mwezi, iandikwe tu makumbusho gani lina nini, siku gani, saa ngapi, kiingilio cha mtoto shilingi ngapi, utakuwa umetusaidia wengi, maana kinachomzuia mzazi mara nyingi ni kutojua kama hela aliyonayo itatosha kuingiza watoto wote.

Kwa yule mzee wa ngoma, sikukuuliza jina na najuta, kama gazeti hili linafika kwenu au kuna mtu wa kundi lenu anasoma, wabeja sana, yaani asante sana. Mtoto ameshaharibu ndoo zangu mbili za plastiki anazipasha juani aone kama sauti itabadilika. Nimetenga nauli ya Desemba kwa ajili yao watatu na watoto wawili wa jirani, nangoja tu kusikia siku.

Mama wa watatu,
Buzuruga, Mwanza