Wifi yangu, usiukate mwaridi

Wifi yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Siku ya pili ya sikukuu, tulipokuwa tumekaa uani kwako Wete baada ya chakula, ulinionyesha kwa kidole yale mawaridi matatu yaliyochanua juu kabisa ya ukuta, upande wa kwa jirani, ukasema kwa mzaha kwamba wewe ndiye unayetia maji na samadi na jirani ndiye anayevuna. Halafu ukasema neno ambalo sikulijibu kwa sababu wageni walikuwa wengi, nalo ni kwamba umeshachoka, utaukata mwaridi ule chini kabisa na pahala pake utapanda mpesheni. Nimerudi Unguja na boti, nimelala siku tatu, na neno lile halijanitoka. Nakuandikia mbele ya macho ya watu kwa sababu wanawake wanne wa mtaani kwetu wana ugomvi huo huo na miwaridi yao, na nimechoka kulieleza jambo moja kwa vipande vipande barazani.

Mwaridi wako si mgumba. Umesimama wima, basi, na mwaridi wa kutambaa ukisimama wima hutoa maua kileleni tu. Ukiukata chini utachipua matawi mapya yenye nguvu, nayo yatakimbilia juu vile vile, na baada ya mwaka utakuwa na mawaridi matatu mengine kwa jirani.

Jina lenyewe linatudanganya. Tunauita mwaridi wa kutambaa, lakini hauna chombo cha kutambalia. Mtambuu na mpilipili manga hutoa vizizi vidogo kwenye vifundo vyake, vikashika gome la mti, na ndiyo maana ukenda mashamba ya viungo ya Kizimbani utaiona mipilipili manga imeukumbatia mti mpaka juu. Mpesheni unaoutamani una vishikizo vyembamba vinavyojisokota wenyewe kwenye waya au kijiti chochote kinachovigusa. Mwaridi una miiba peke yake, nayo haikutoka ndani ya mti kama ya mndimu. Imeota kwenye ganda, na ukiusukuma mmoja kwa ubavu wa kidole gumba unabanduka. Kazi ya miiba hiyo kichakani ni kunasa matawi ya miti ya jirani ili shina refu lisiporomoke. Kwenye ukuta wa chokaa hapana cha kunasa, basi tawi huenda juu mpaka uzito uliinamishe au mtu alifunge.

Sababu ya maua kukaa kileleni ni hii. Ncha ya tawi lililosimama hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo huteremka kwenye tawi na kuyazuia macho, yaani vile vifundo vidogo vinavyotoa vitawi, yaliyo chini yake yasichipue. Wataalamu wa mimea wamelijua hilo tangu miaka ya 1930, na siku hizi wanaongeza kwamba ncha pia hujivutia sukari nyingi, macho ya chini yakabaki na njaa. Tawi likilazwa, ule ubwana wa ncha hupungua. Macho yaliyoelekea juu huamka, kila moja likachipua kitawi kifupi kilichosimama, na mwisho wa vitawi hivyo ndipo mawaridi yanapokaa. Tawi lile lile lililokuwa likikupa shada moja juu, ukililaza laweza kutoa vitawi kumi vya maua tangu mwanzo wake hadi mwisho, na vyote kwa kimo cha mkono wako. Wewe unayataka mawaridi ya kuchuma kwa ajili ya vikuba, yale mashada madogo ya kunukia tunayovaa, si ya kutazama kwa ngazi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza unachohitaji ni kiunzi, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa mimi nilianza kwa kukosea. Nilimwagiza fundi wa kuchomea vyuma upinde wa nondo, ukaja mzuri kama wa mlango wa harusi, na haukumaliza mwaka wa pili kabla ya upepo wa bahari kuutia kutu. Tena nondo ikipigwa na jua la saa nane mchana huunguza machipukizi mateke yanayoigusa. Fito za mvinje zinatosha kabisa. Chimbia tatu za kusimama, zenye kimo cha dhiraa tano juu ya ardhi, zikigawanya upana wa dhiraa nane za ukuta wako, na sehemu itakayoingia ardhini ipake lami kwanza ili mchwa wasiimalize kwa msimu mmoja. Kisha funga fito sita za kulala: ya kwanza shubiri mbili kutoka chini, na nyengine zifuatane kwa masafa ya shubiri moja na nusu. Hizi za kulala ndizo roho ya kiunzi. Watu wengi huchimbia nguzo moja, wakaufunga mwaridi juu yake kama mbuzi, kisha wakashangaa kwamba umezidi kwenda juu. Nguzo moja si haramu, lakini ukiitumia ni lazima uyazungushe matawi kuifuata kwa mshazari, duru baada ya duru, ili yasipate nafasi ya kusimama.

Kiunzi kisigusane na ukuta. Acha upana wa kiganja baina yao, upepo upite nyuma ya majani na mkono wako uingie wakati wa kufunga. Fito kwa fito zifunge kwa kamba ya usumba, ambayo haiozi upesi kwa mvua, lakini usiitumie kamba hiyo kuufunga mwaridi wenyewe kwa sababu inakwaruza ganda. Kwa mwaridi chana fulana kuukuu vipande vyembamba. Kitambaa cha fulana kinavutika, tawi likinenepa nacho kinalegea. Nilipokuwa mjinga nilifunga kwa waya wa umeme, na baada ya masika moja waya ulikuwa umezama ndani ya tawi, na yote yaliyokuwa mbele yake yakakauka. Pitisha kipande cha fulana kwenye tawi, kikutanishe katikati, kisha kizungushe kwenye ufito, kiwe kama tarakimu 8, ili tawi na ufito visisuguane. Kidole chako kidogo kiweze kupita ndani ya fundo.

Sasa kulaza kwenyewe. Niliuchunguza mwaridi wako wakati mlipokwenda kuwasindikiza wageni. Una mashina matano. Mawili ni makongwe, rangi ya kijivu, magumu kama mpini wa jembe. Hayo usiyaguse kwa sasa. Matatu yametoka chini baada ya mvua zilizopita, bado ni ya kijani na yanapindika, nayo ndiyo mtaji wako. Mawili utayapeleka upande wa kushoto, ambako ukuta ni mrefu zaidi, na moja kulia. Yatoke shinani kama vidole vya mkono uliotanuliwa: lile la chini kabisa lilale sambamba na ufito wa kwanza, lililo juu yake lilale kwa mshazari mpaka lifike ufito wa tatu, kisha nalo linyooke ubavuni.

Usiyalaze kwa siku moja. Mimi nilifanya hivyo asubuhi moja ya haraka, baada ya kuumwagilia mti maji mengi, nikalishika shina lililokuwa bora kuliko yote nikalivuta kuelekea kwenye ufito. Lilikatika papo hapo kwa mlio mkavu kama wa kijiti cha mdalasini, na niliketi chini uani pale pale nikalitazama. Tangu hapo sivuti. Husubiri alasiri, mti ukiwa umepigwa na jua na matawi yamelegea kidogo, tena siku ambayo sikuumwagilia. Mkono mmoja hushika chini, karibu na shina, ili pasikatike. Wa pili hulishusha tawi taratibu mpaka lianze kukataa, na hapo hapo hulifunga lilipo. Baada ya siku tano au sita tawi limeshazoea, nami hufungua fundo na kulishusha tena. Kazi nzima huchukua kama wiki tatu. Vaa mikono mirefu na zile glovu nene za bustani, na ukikosa glovu zungushia mkono gunia.

Jambo moja linalosahauliwa ni ncha. Tawi likilala, ncha yake iachwe sawa na ufito au ipande kidogo tu. Ikining'inia kuelekea chini, mti huona kuwa kilele sasa ni pale palipopinda, na hapo hutoa chipukizi kubwa linalokimbia wima, ukarudi ulikotoka.

Wakati mzuri ni mwanzo wa kipupwe, masika yakiwa yamekwisha, kwa kuwa machipukizi yaliyotolewa na mvua bado ni laini na jua halijawa kali. Mwaridi wa huku kwetu haulali usingizi kama wa Ulaya, ambako baridi huupukutisha majani na mkulima akaushughulikia ukiwa mtupu. Wetu hauna likizo, basi utafanya kazi baina ya majani na miiba. Najua kuna wanaosema kwamba mawaridi ni ya watu wa baridi, na hoja yao ina uzito, kwani Naivasha, ambako Kenya hulima mawaridi ya kuuza Ulaya, kuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na visiwa vyetu havina kilima hata cha mita 150. Joto letu hulifungua ua haraka na kulipunguza ukubwa. Lakini mwaridi huu nilikuletea mimi mwenyewe ukiwa kijiti ndani ya chupa ya maji, umekatwa kwenye mti ulioishi ukutani kwa mama miaka mingi, kwa hiyo hali ya hewa umeshaizoea kuliko wageni wengi. Na kwa kuwa umetokana na kijiti, haukuunganishwa juu ya shina la mwaridi mwengine, kila kinachochipuka chini ni chake mwenyewe. Usimsikilize anayekwambia uyang'oe machipukizi ya shinani. Ushauri huo ni wa miwaridi ya kuunganisha inayoletwa kutoka bara.

Vitawi vitakapotoa maua na maua yakaanza kunyauka, kata kila kitawi ukiacha macho mawili au matatu kutoka kwenye tawi kubwa, na mkasi upite juu kidogo ya jicho. Baada ya wiki sita hadi nane utayaona maua mengine. Matawi makubwa yaliyolala hayakatwi. Mwakani, yakitoka machipukizi mapya shinani, utayalaza kwenye fito za juu, na hapo ndipo utakapoliondoa kongwe moja, kisha mwaka wa pili wake jengine.

Pemba mvua ni nyingi kuliko huku, na nimeyaona yale madoa meusi kwenye majani ya chini. Huo ni ukungu, na mbegu zake huota jani likikaa limelowa kwa muda wa saa saba hivi. Kwa hiyo acha kumwagilia jioni kwa mpira kutoka juu. Mwaga maji shinani asubuhi, na majani yaliyoanguka yaokote uyachome moto. Matawi yakishatandazwa kwenye kiunzi majani hukaushwa na upepo mapema, tofauti na sasa ambapo yamerundikana pamoja.

Nimeona pia majani machanga yamekuwa ya manjano na mishipa imebaki kijani. Hiyo ni chokaa ya ukutani, ambayo inaporomoka shinani na kuufanya udongo usitoe madini ya chuma. Na lile jivu la jikoni unalolimwaga pale kila Ijumaa ukidhani ni mbolea linazidisha ugonjwa ule ule, basi lipeleke kwingine. Mwaridi utilie mboji ya majani.

Mwambie kaka yangu akukatie fito tisa za mvinje, tatu za kusimama na sita za kulala, azikaushe kivulini wiki mbili, na asiusogelee mwaridi na panga. Fulana kuukuu zimejaa kwangu. Nitakuja nazo kwenye boti mwezi ujao, mvua ikishaacha, na alasiri ya siku hiyo hiyo tutaanza na lile tawi la kulia, ambalo ndilo laini kuliko yote.

Wifi yako, Unguja