Barua kwa mwanangu: ujumbe wa bibi usiukimbize

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Lamu sote tu wazima, alhamdulillahi. Upepo wa kusi umeanza na samaki wamepanda bei.

Umenambia mihadhara yote ya chuo sasa waitazama kwa kasi mara mbili. Sikulaumu. Mtu akizungumza kwa kawaida hutoa kama maneno 150 kwa dakika, na asomaye kimoyomoyo hupita 200 bila taabu; akili yako imeshafika, mhadhiri bado anajikohoza. Tena simu za leo huiharakisha sauti bila kuifanya nyembamba, si kama kanda zetu za zamani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walilipima jambo hili, matokeo yakatoka 2021: wanafunzi waliotazama mihadhara kwa kasi mara mbili walielewa karibu sawa na wenzao wa kasi ya kawaida. Kwenye mara mbili na nusu ndipo walipoanza kupoteza.

Basi masomo yakimbize, hasa unayoyarudia kabla ya mtihani. Lakini ile video ya fundi wa majahazi wa kijijini Matondoni uliyoimaliza mbiombio, hiyo hujaiona. Fundi yule haongei. Anapiga kalafati: anashindilia pamba iliyolowa mafuta kati ya mbao za jahazi, tindo mkono huu, nyundo mkono huu. Mwanzo mlio ni mzito, umefifia. Pamba ikishiba mlio hukauka, naye ndipo anaposogea. Pale aliposita akapapasa kwa kidole gumba, alikuwa akitafuta mahali maji yatakapopenya. Ukiikimbiza, milio yote huwa mmoja.

Hasa ninakuandikia kwa ajili ya bibi yako. Tangu 2021 WhatsApp ina kitufe cha kuharakisha ujumbe wa sauti, na dada yako anasema ndicho unachokibonyeza ukisikiliza wa bibi. Mwanangu, kifua kimemsumbua tangu Ramadhani, sasa huvuta pumzi katikati ya maneno. Juzi nilikuwa naye barazani, mimi ndiye niliyemshikia simu. Kabla ya kukwambia hajambo alinyamaza kitambo. Huko kunyamaza nataka ukusikie kwa urefu wake, maana mdomoni hatakwambia kwamba anaumwa.

Usikilize tena leo kwa kasi ya kawaida, kisha umpigie. Baada ya Isha huwa bado macho.

Baba yako