Mhariri, na spea za friji za gesi nani atatuletea huku Mtwara?

Mhariri, salaam kutoka kusini. Kila nikifungua gazeti naona habari za nishati safi, mitungi inagawiwa, viongozi wanapiga picha na majiko, na mimi sipingi, ule mkakati wa taifa unasema ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi na huku kwetu mitungi midogo ya kilo 6 nshaiona mpaka vijiji ambavyo gari linafika kwa kubahatisha. Ila wote wanaongelea kupika tu. Kuna friji inayotumia mtungi huohuo, haitaki umeme kabisa, na zipo kadhaa huku pwani zimetupwa uani kuku wanatagia ndani, kisa spea ndogo kuliko kidole.

Nasemea zile zinazotoka kwenye magari ya kulala ya watalii, wenyewe wanaita kampa. Gari linakuja na wageni, linafia huku, linauzwa vipande vipande, injini kwa huyu, viti kwa yule, friji inaangukia kwa mtu kama mimi. Yangu iko upande wa Msimbati, inatunza samaki na maji ya wateja. Na kabla mtu hajacheka, ndio, Msimbati hiyohiyo ya gesi asilia. Gesi ya Mnazi Bay ni methani, inasafishwa Madimba inaingia kwenye bomba inaenda Dar, hii ya mtungi ni propani na butani inakuja kwa meli, na jeti ya hii, kile kipande chenye tundu dogo kinachopitisha gesi kwenda kwenye moto, haifai kwa ile. Yani tumekalia gesi na tunanunua gesi, lakini hayo yalishasemwa sana tuyaache.

Shida inaanza ukimwita fundi. Fundi friji akisikia friji ya gesi anakuja na kimtungi chake cha kujazia gesi ya kupoza, anazunguka nyuma anatafuta kompresa, haioni, anarudi anakuangalia usoni: "Mzee, kompresa mliiuza?" Haijawahi kuwa nayo. Friji za namna hii zilibuniwa na wanafunzi wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, Electrolux wakazichukua 1925. Moto mdogo unachemsha maji yenye amonia, amonia inapanda juu, inapoa inakuwa majimaji, ikikutana na haidrojeni inavukiza na kuvuta joto la ndani ya friji, alafu inarudi kunywewa na maji na safari inaanza upya, hakuna kinachozunguka wala kupiga kelele. Ndo mana inaweza kukaa miongo kadhaa. Na ndo mana usikubali mtu atoboe au achomelee mapaipu ya nyuma, mle kuna presha kubwa, amonia inaunguza macho na mapafu na haidrojeni inalipuka. Ukiona unga wa njano kwenye maungio, au ukasikia harufu ya amonia, usiushike huo unga, itoe nje hiyo friji, mfumo wake umekwisha, spea haitasaidia.

Lakini nyingi hazijafika huko. Kama yako ina na sehemu ya kutumia umeme badala ya gesi, ipeleke kwa mwenye umeme, iweke sawasawa kwa pima maji (ikiinama haigandishi hata ufanyeje), iache mpaka kesho yake. Ikipoza basi mapaipu ni mazima na ugonjwa uko kwenye moto tu.

Na kwenye moto anayekufa kila mara ni themokapo, kile kiwaya cha shaba chenye kichwa kinachokaa ndani ya moto. Unabonyeza kitufe, unawasha, unashikilia, moto mzuri tu wa bluu, ukiachia kitufe unasikia "tk", umezima. Ule mlio ni valvu imefunga, mana kichwa kikipata joto kinatakiwa kitoe umeme kidogo sana, milivolti tu, unaotosha kushika sumaku isiachie, na kikichoka hakitoi. Sasa we nenda dukani mjini useme nataka themokapo ya friji ya kampa, watakwambia hamna, agiza Dar, na ukiagiza Dar jamaa wa Kariakoo anauliza kampa ndo nini. Watu wanataja friji wakati hicho kitu sio cha friji peke yake! Majiko ya gesi yenye oveni mengi yanacho, hita za maji za gesi zinacho. Fungua cha zamani uende nacho mkononi, pima urefu wa waya, pima nati, za Ulaya nyingi ni milimita 8, 9 au 10 na za Marekani zina vipimo vyao vya inchi, na angalia kichwa kama kitakaa palepale kwenye moto. Nati ikigoma usilazimishe.

Jeti ni habari nyingine. Huku chumvi ya bahari inakula dohani, vipande vya kutu vinadondoka juu ya bana, yani pale moto unapowakia, moto unageuka wa njano unatoa masizi, mtu anasema jeti imekwisha kumbe ni kutu, au nyigu kajenga mle. Jeti yenyewe loweka kwenye spiriti alafu ipulize, usiichokoe na sindano, lile tundu likitanuka kidogo tu moto unaharibika moja kwa moja. Ukilazimika kununua usinunue kwa macho, kuna kibati ndani ya friji, kina modeli na namba ndefu ya bidhaa na presha ya gesi, kipige picha umtumie muuzaji. Hata jina lisikuchanganye, Electrolux waliuza kitengo hicho mwaka 2001 kikawa Dometic, kwahiyo friji imeandikwa Electrolux, spea zinatafutwa kwa Dometic. Kwenye presha soma vizuri, kampa nyingi za zamani za Kijerumani ni za milibari 50 na za siku hizi 30, regyuleta iendane na kibati. Na msiiwashe chumba cha kulala madirisha yamefungwa, ule moshi unaua kimya kimya.

Kwahiyo ombi langu, wenye maduka ya majiko pale mjini, mkileta mzigo tieni na themokapo za saizi tofauti, hazijazi hata mfuko, na wenye majiko watanunua pia. VETA Mtwara na Lindi mnaofundisha vijana friji, wawekeeni hata moja mbovu waione. Na vijana wa chuma chakavu, kabla hamjaipiga nyundo hiyo friji ya kampa fungueni bana, valvu na kibati muweke pembeni, tutanunua kwa bei nzuri kuliko ya kilo. Mimi kwa sasa natafuta raba ya mlango, ya kwangu imepasuka pembeni. Mwenye nayo Lindi, Masasi, popote, aandike kwenye ukurasa huuhuu.

Msomaji wenu, Mtwara Vijijini